Matabishi Hayapatikani Kwenye Simu



Kuna maneno yanayorudiwa siku hizi katika mikutano ya makundi yetu, kuanzia Ruashi hadi Katuba, nayo yanasemwa kwa uhakika kana kwamba ni fundisho lisilopingwa: kwamba pesa za karatasi zimepitwa na wakati, kwamba anayenunua na kuuza kwa simu ndiye mtu wa leo, na kwamba mama anayekataa kulipwa kwa simu pale soko la Kenya amelala usingizi wa ujinga. Tunayakataa maneno hayo. Hatuyakatai kwa kuiogopa simu. Tunayakataa kwa sababu yanaficha swali moja ambalo ni lazima liulizwe kila mara watu wawili wanapofanya biashara: jambo likiharibika, nani anapata hasara?

Kwanza tutoe haki inapostahili. Wapo wahubiri mjini humu wanaotangaza kwamba simu ni mtego wa Shetani. Sisi hatumo katika kundi hilo. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na Vodacom ikaileta Kongo mwaka 2012. Airtel Money na Orange Money zimeshika njia ile ile. Kabla ya hapo, mzazi wa Lubumbashi mwenye mtoto anayesoma Kolwezi alikwenda kituo cha mabasi na bahasha mkononi, akamtafuta dereva mwenye uso wa uaminifu, kisha akarudi nyumbani na wasiwasi. Waalimu wa vijijini waliacha madarasa siku kadhaa ili kufuata mshahara mjini, hata ikabidi Caritas Congo ipewe kazi ya kuwafikishia mishahara mahali ambapo banki haikufika. Na nani hajui aibu ya kukataliwa noti ya dola kwa sababu ina mpasuko mdogo kama ukucha? Pesa ya simu haipasuki. Hiyo si faida ndogo.

Wala wazee wetu hawakuzoea kuficha pesa nyumbani bila sababu. Mwezi wa Desemba 1979 utawala wa Mobutu ulifuta noti za zaire 5 na 10, ukawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa mbali na banki walibaki na karatasi mikononi. Baadaye bei zilipanda hata zaire yenyewe ikafa, na mwaka 1998 tukapata faranga ya Kongo. Mwaka 2016 banki ya BIAC iliyumba, na wenye akaunti, wakiwemo watumishi wa serikali waliolipiwa humo, wakapanga foleni wakiomba pesa zao wenyewe. Mzee anayelaza dola zake chini ya godoro hana ujinga wowote, ana kumbukumbu. Simu basi haikushinda kwa uchawi. Ilishinda kwa sababu vilivyoitangulia vilikuwa vimetuumiza, na mtu aliyeumizwa hupokea haraka mkono wa kwanza unaonyoshwa kwake, bila kuuliza mkono huo unadai nini.

Tutazame basi unadai nini.

Noti ya faranga 10,000 ikitoka kwa fundi wa viatu ikaenda kwa muuza makala, ikatoka kwa muuza makala ikaenda kwa mama wa mboga, jioni inafika kwa mama wa unga ikiwa bado ni faranga 10,000. Imechakaa, inanuka samaki, lakini haijapungua. Pesa ya simu haisafiri hivyo kwa watu wadogo. Yule mama wa mboga anahitaji pesa taslimu, kwa sababu alfajiri, kabla ya jua, anakwenda kununua lengalenga kwa mkulima anayetaka noti, tena kwa basi ambalo konda wake anataka noti. Hivyo anakwenda kwa wakala kutoa pesa, na katika kutoa anakatwa. Siku ambayo mtandao umelala, au umeme umekatika na simu yake imezimika, hana hata cha kukatwa: pesa zake zipo, naye hawezi kuzigusa.

Mnunuzi aliyesema, «Mama, nakutumia kwa simu,» amejirahisishia mkono wake na kuupunguza wa mwingine. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja amefuata kanuni. Lakini ajabu ni hii, kwamba mnunuzi yuleyule anasimama pale akidai matabishi! Na mama, kwa kuwa amelelewa katika desturi yetu, anaongeza konzi ya nyanya juu ya kipimo kilichokwisha kujaa. Ametoa zaidi, amelipwa pungufu, na kijana wetu anaondoka akijiona mtu wa maendeleo. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Sheria ya Musa iliamuru kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa anaishi kwa malipo hayo. Hatuhitaji kuyavuta Maandiko kwa nguvu ili yaseme juu ya simu: malipo ambayo mtu hawezi kuyatumia jioni ile, au ambayo ni lazima ayapunguze kwanza ndipo ayatumie, hayajakamilika.

Sasa tuje kwenye biashara inayowapendeza vijana zaidi, ile ya kununua kwa picha. Makampuni makubwa ya kuuza kwa intaneti hayakutujia. Jumia, ambayo ni kubwa miongoni mwa hizo barani Afrika, ilifunga kazi yake Kamerun na Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Kama mambo yalikuwa magumu Dar es Salaam yenye bandari, tusishangae kwamba hakuna aliyekimbilia kwetu. Jengo la Posta katikati ya mji limetoa jina kwa uwanja mzima, lakini hakuna mtu wa Kamalondo anayengoja posta imletee viatu mlangoni. Kwa hiyo vijana wamejitengenezea duka lao wenyewe. Mmoja anafungua kundi la WhatsApp, anaweka picha za viatu, za simu, za nguo za arusi kutoka Guangzhou, Dubai au Kariakoo. Wateja wanalipa kwa simu. Pesa zikitosha, mizigo ya wote inakusanywa pamoja na kusafirishwa. Inapita baharini hadi Dar es Salaam, inapanda lori hadi Tunduma, inavuka Zambia, inafika Kasumbalesa na kujiunga na mlolongo wa malori ambao sote tunaufahamu. Ni kazi ya akili na ya ujasiri, na tunawasifu wanaoifanya kwa haki.

Lakini angalieni nani analipa kwanza. Mteja analipa kabla hajagusa kitu. Kijana muuzaji naye analipa kabla hajamwona mwuzaji wa China. Kila mmoja anadai pesa kwa aliye chini yake, naye anampelekea aliye juu yake, na hakuna anayeweza kumdai aliye juu. Mzigo ukichelewa Kasumbalesa miezi miwili, bi arusi ndiye anayekosa nguo. Viatu vikifika vya namba 38 badala ya 42, mteja anaambiwa avumilie au awauzie jirani. Na mwuzaji akitoweka pamoja na kundi lake la WhatsApp, kinachobaki ni namba ya simu isiyoita. Wazee wa Kinshasa wanakumbuka mwaka 1991, biashara ya Bindo Promotion ilipoanguka na kuzama na akiba za watu waliokuwa wameahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi. Siku zile ilimlazimu mtu aende mwenyewe kwenye ofisi na kupanga mstari ili apoteze pesa zake. Leo anaweza kuzipoteza akiwa amelala kitandani.

Mtatuambia: sheria ipo. Ndiyo, ipo. Sheria ya mwaka 2018 inahusu mifumo ya malipo, na Code du numérique iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023 inahusu pia biashara ya elektroniki. Tunafurahi kwamba imeandikwa. Lakini msichana wa Kampemba aliyepoteza dola 15 hatakwenda mahakamani: nauli na karatasi za mwanzo zingemgharimu kuliko viatu. Sheria inayomlinda mwenye hasara kubwa tu huwaacha nje walio wengi, maana hasara za maskini ni ndogo ndogo daima, na ndizo zinazommaliza.

Kuna mwingine tunayempita kila siku bila kumwona, yule kijana aliyeketi chini ya mwavuli kando ya barabara, na meza ndogo, daftari na simu tatu. Bila yeye, pesa ya simu ni tarakimu tu kwenye kioo. Makampuni yamejenga minara. Yeye anajenga daraja kati ya mnara na noti. Analipwa sehemu ndogo kwa kila muamala, na mara nyingi mtaji si wake. Mtu akimwonyesha ujumbe wa uongo unaosema pesa zimeingia, naye akatoa noti kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu, hasara ni yake. Akikosea tarakimu moja ya namba, ni yake vilevile. Jua likizama, anafunga meza akiwa amebeba mfukoni pesa ambazo kila mpita njia anajua kwamba anazo. Wengi wao ni wenzenu. Wengine wanaimba nanyi katika kwaya. Tukisema kwamba pesa ya simu imeondoa hatari ya kutembea na pesa mfukoni, tuseme ukweli wote: hatari hiyo imehamia katika mfuko wake.

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya maumbile, kama mvua na kiangazi, na kwamba hakuna la kufanya. Hapa tunawakumbusha habari ya RAM. Mwezi wa Septemba 2020 serikali ilianza kukata unite za simu za watu kwa ajili ya kile ilichokiita orodha ya simu za mkononi. Ilifika hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu za intaneti, nayo ilikatwa vipande vipande. Mtu alinunua unite asubuhi, akakuta zimepungua kabla hajampigia yeyote. Hakuna mtoza kodi aliyebisha mlangoni, hakuna risiti, hakuna aliyeuliza. Tunajua kwamba RAM iligusa unite, wala si akaunti za pesa. Hata hivyo ilituonyesha jambo: kilichomo ndani ya simu kinaweza kuchukuliwa kwa uamuzi wa ofisini, mwenye nacho akiwa sokoni. Ilituonyesha na jingine, ambalo wengi wameshalisahau. Watu walipiga kelele, vijana waliandamana, wabunge wakadai maelezo, na mwaka 2022 RAM ikafutwa. Haikufutwa na mtandao. Ilifutwa na watu.

Tena msikubali kuambiwa kwamba mkidai haki katika jambo hili mtaachwa nyuma na ulimwengu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika ardhi ya Kongo, nayo ni ardhi hii ya Katanga ya zamani, na kobalti hiyo imo katika betri za simu zinazouzwa kila pembe ya dunia. Hatupo nje ya mlango wa biashara hii tukiomba kuingia. Tupo chini ya sakafu yake.

Hivyo hatuwaombi mrudi kwenye bahasha za madereva. Tunaomba hatari igawanywe. Kijana wa parokia anayeuza kwa WhatsApp apokee nusu tu ya bei mwanzoni, na nusu nyingine mteja akiwa na kitu mkononi. Asiyeweza kuanza na nusu, apunguze oda zake mpaka aweze. Aandike jina lake kamili na mahali anapopatikana, maana anayejificha nyuma ya picha ya ua hastahili pesa ya mtu. Anayemlipa mama wa sokoni kwa simu aongeze pesa za kutolea, wala asingoje kuombwa, na siku hiyo asidai matabishi. Jumuiya iliyo na wakala jirani itafute mtu wa kumsindikiza nyumbani magharibi. Halihitaji ruhusa ya paroko jambo hilo. Na michango ya kundi iendelee kupokelewa kwa noti pia, ili asiye na simu asikae kimya nyuma ya kanisa akijifanya hakusikia tangazo.

Tumesikia kwamba makundi kadhaa yanataka kuhamisha likelemba yao yote kwenye simu. Kabla ya kupiga kura, mwiteni katika mkutano mama mmoja wa sokoni na kijana mmoja wa mwavuli, waseme wao kwanza. Kisha mwandike katika kitabu cha kundi nani atalipa pesa za kutolea, na nani atarudisha pesa zikienda kwenye namba isiyo yake.