Makocha, wapumzisheni watoto

Hapa Kivu kuna makocha wa basketi wanaowaacha watoto watano hodari kiwanjani mpaka filimbi ya mwisho. Kwa maoni yangu, hiyo si haki.

Tuhesabu. Mechi ni robo 4 za dakika 10, yaani dakika 40. Wachezaji 5 mara dakika 40 ni dakika 200. Timu ikiwa na watoto 10, kila mmoja anapata dakika 20. Tena sheria ya basketi haiweki kikomo cha kubadilisha wachezaji: anayetoka anaweza kurudi.

Mtoto wa familia ya wahami, aliyekula mara moja tu tangu jana, anachoka haraka. Akichoka anaruka vibaya, anateguka mguu, na pesa ya matibabu hakuna. Amtoe baada ya dakika 5 ao 6, anywe maji, apumue, arudi.

Wengine watasema timu itashindwa. Lakini robo ya mwisho ndiyo inayoamua mechi, na inataka miguu yenye nguvu.

Wazazi, muulizeni kocha: mtoto wangu amecheza dakika ngapi leo?