Mota 17, uhai sufuri

Jameni, hizi "roboti" za maonyesho ya shule zimenichosha, na leo sitazunguka mbuyu. Klabu inanunua kifurushi cha sanamu yenye mota 17 za servo, wanafunzi wanakaza skrubu kwa kufuata picha, wanabonyeza kitufe kwenye simu, na sanamu inacheza densi iliyoandikwa kiwandani. Kisha tunaambiwa vijana wamebuni roboti. Wamebuni nini? Wamekaza skrubu!

Nasema hivi: sanamu haipati uhai kwa wingi wa mota. Inaupata kwa jinsi inavyosogea, na kupanga mwendo ndiyo kazi yenyewe, kazi ambayo kifurushi kimemnyang'anya mwanafunzi.

Tazama servo ndogo ya buluu, SG90, yenye uzito wa gramu 9 hivi. Ndani mna mota ya kawaida, gia za plastiki, potensiometa inayopima mhimili umefika wapi, na saketi inayolinganisha mahali ulipo na mahali ulipoagizwa kwenda. Agizo ni mpigo wa umeme unaorudiwa kila milisekunde 20. Mpigo wa milisekunde 1.5 unaiweka katikati. Ukirefuka inageukia upande mmoja, ukifupika inageukia mwingine. Uchawi hakuna.

Sasa iamrishe itoke digrii 30 iende 90. Itaruka kwa nguvu zake zote, na itafika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kiumbe gani hugeuza shingo hivyo? Labda kuku. Ndiyo maana sanamu nyingi hutikisika kama zina malaria. Dawa yake ni hesabu ya shule ya upili: gawa safari iwe hatua za milisekunde 20, t ipande kutoka 0 hadi 1, na kila hatua uhesabu:

pembe = mwanzo + (mwisho - mwanzo) * t * t * (3 - 2 * t)

Itaanza polepole, ishike kasi, kisha itulie. Halafu tanguliza macho, shingo ifuate robo ya sekunde baadaye, na kope zifumbe na kufumbuka njiani. Hapo ndipo mtu anayepita husimama na kuuliza, "Hiki kinaniangalia mimi?"

Wachoraji wa katuni wanayajua haya zamani. Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney waliyaeleza katika kitabu chao cha 1981, The Illusion of Life. Na hapa Kenya tulikuwa na XYZ Show, iliyoanza 2009: vikaragosi vya wanasiasa vilivyochezeshwa na watu. Taifa zima lilicheka kwa sababu shingo iligeuka wakati ufaao.

Najua nitajibiwa kwamba kifurushi kinawavutia watoto. Ni kweli, kwa alasiri moja. Gia moja ya goti ikivunjika, sanamu inahamia kabatini, maana hakuna aliyefundishwa kilichomo ndani yake. Nimeiona kabati ya namna hiyo katika shule moja, sanamu mbili zimelala na vumbi juu, na mwalimu anaomba pesa za kununua ya tatu! Chuo kinachochunguza jinsi ya kutembea kwa miguu miwili kina haki ya kutaka mota 17. Klabu ya kidato cha pili haina.

Chukueni kibuyu. Toboeni macho, tieni servo tatu: ya macho, ya kope, ya shingo. Spoku ya baiskeli itakuwa fimbo ya kusukuma kope. Servo zenyewe zinauzwa mojamoja, Luthuli Avenue Nairobi utazipata. Taya isubiri, kwa sababu mdomo usioenda sambamba na sauti unaudhi kuliko mdomo uliofumba.

Na tafadhali, msichote umeme wa mota kwenye waya wa USB wa kompyuta. USB 2.0 imepangiwa miliampea 500, na SG90 moja ikikwama inaweza kula zaidi ya hizo peke yake. Tafuteni chanzo cha volti 5 cha mota pekee, kisha unganisheni waya hasi wa chanzo hicho na ule wa bodi, la sivyo mota zitatapatapa na mtailaumu fomula yangu bure.