Kasino Isiyo na Mlango

Mwaka 1965, Hoteli ya Kilimanjaro ilipofunguliwa ikitazama bandari ya Dar es Salaam, ilikuwa fahari ya taifa changa. Majina yamepita: mwaka 2005 ilirudi baada ya ukarabati mkubwa ikiitwa Kilimanjaro Kempinski, leo ni Hyatt Regency. Ndani yake kuna kasino. Kijana wa Kiomboi, wilayani Iramba, anayetaka kuiona apande basi, azipite Singida, Dodoma na Morogoro, kisha akabiliane na mlinzi mlangoni. Umbali huo humkinga kuliko sheria yoyote, ingawa hakuna aliyeupanga.

Singapore waliupanga. Baada ya kuzikataa kasino miaka mingi, serikali ilikubali mwaka 2005, na mwaka 2010 ikafunguliwa Marina Bay Sands: minara mitatu ya ghorofa 55, vyumba zaidi ya 2,500 wakati huo, na bwawa la kuogelea juu ya paa. Mgeni huingia kasino bure. Raia hulipa kiingilio cha siku, dola 100 za huko, ambazo tangu 2019 zimekuwa 150. Familia nayo inaweza kuomba ndugu yao apigwe marufuku asikanyage humo. Kwa maneno mengine, walijenga jumba la kamari kisha wakaweka kizingiti mbele ya watu wao wenyewe.

Kwetu kizingiti kimewekwa kinyumenyume. Tajiri ana mlinzi na zulia. Mwenye sarafu mfukoni ana dubwi, mashine ya kamari inayowaka taa kwenye baa na vibanda vya mtaani.

Watu wa Iramba si wageni wa kubahatisha. Huko Sekenke wamechimba dhahabu tangu enzi za Mjerumani, mwaka 1909. Lakini mchimbaji akikosa, amekosa tu. Mwamba haukutengenezwa ili umshinde. Kamari imetengenezwa hivyo. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina namba 37, sifuri ikiwemo. Anayeweka shilingi 1,000 kwenye namba moja ana njia 36 za kukosa, lakini akipata faida yake ni 35,000. Hiyo elfu moja inayopungua ndiyo inayolipia mazulia.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, bodi ipo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Sawa. Ila kwenye kibanda cha mtaani nani atamuuliza umri wake, muuza vocha?

Dubwi iwekwe kwenye chumba chake, chenye mlango na mtu wa kukagua umri, mbali na duka ambako mtoto hutumwa chumvi akabaki na chenji mkononi. Mwenye mashine atalalamika kuwa kodi ya chumba itakula faida yake. Basi na awapandishie bei wachezaji, kama walivyofanya Singapore.