Wapanda pikipiki waige wenye punda

Nataka kusema na vijana wenzangu wanaosafiri kwa pikipiki kwenda kupiga kambi.

Mwaka jana mimi na mdogo wangu, kila mtu na pikipiki yake, tulitoka Korogwe kwenda Lushoto kulala katika hema siku tatu. Yeye alirundika kila kitu juu ya keria: hema, sufuria, mablanketi, na juu kabisa dumu la maji la lita 20. Nilipomwambia mzigo umezidi nyuma, alinijibu kuwa kamba ni madhubuti. Ni kweli, kamba haikukatika. Lakini tulipoanza kupanda mlima kutoka Mombo, gurudumu lake la mbele likawa jepesi na usukani ukayumba. Kwenye kona pikipiki ilimshinda, akaanguka na kuvunjika mkono. Hadi leo hawezi kushika jembe sawasawa.

Ndugu Mhariri, kosa halikuwa la barabara. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hivyo dumu lile peke yake lilikuwa zaidi ya kilo 20, tena juu na nyuma kabisa. Na maji hayo yalikuwa ya nini, wakati Lushoto maji yapo?

Mwenye punda hafanyi hivyo. Yeye hugawa mzigo pande mbili, ukalingana. Nasi tufanye vivyo hivyo. Vitu vizito kama spana, pampu, vyakula na sufuria vikae chini, kushoto na kulia, karibu na mpandaji. Blanketi na nguo zikae juu, zimefungwa ndani ya nailoni, maana Usambara kuna baridi na mvua. Kitu chochote kisiguse bomba la moshi. Tena baada ya kilomita chache tusimame tukaze kamba, kwani mzigo ukishatikisika kamba hulegea.

Wapo wanaosema kupunguza vitu ni kwenda kuteseka. Mimi nasema aliyelala bila mto ataamka salama, lakini aliyeanguka njiani hata kambini hafiki.

Nashauri kila mmoja, kabla ya safari, aizungushe pikipiki yenye mzigo hapo mtaani kwake. Ikiyumba, ashushe mzigo bila kuona aibu.

Mpanda Pikipiki,
Korogwe.