Milima ya Bukavu ipigwe picha kabla haijashuka

Kwa mtu anayepiga picha za mandhari, Kasha ni mahali pa bahati. Akisimama juu ya vilima hivyo vya komini ya Bagira, mbele yake analo ziwa Kivu, ng'ambo yake vilima vya Rwanda ambako jua linatokea, na nyuma yake upande wa kaskazini-magharibi mlima Kahuzi, wenye mita 3,308. Si miji mingi inayompa mtu yote hayo kwa kugeuza shingo tu.

Lakini bahati hiyo ina masaa yake. Bukavu iko karibu na ikweta, na hapa jua halipandi kwa kuchelewa kama Ulaya. Linatokea karibu na saa kumi na mbili asubuhi, linapanda moja kwa moja, na ile nuru ya rangi ya dhahabu inakwisha mtu akiwa bado anatafuta mahali pa kusimamisha kamera. Mwezi wa saba na wa nane ni vumbi na moshi wa vichaka vinavyochomwa. Kahuzi unaweza kukosekana kwa siku nyingi kana kwamba haujawahi kuwepo. Unarudi kuonekana vizuri mvua zinapoanza mwezi wa tisa, hasa asubuhi inayofuata usiku wa mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa.

Hata jua lenyewe halitokei mahali pamoja. Mwezi wa sita linaelekea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kusini. Anayetaka litokee nyuma ya kilima fulani anapata siku chache tu, mara mbili kwa mwaka. Akilala, ni kungoja miezi.

Tena kuna wavuvi wa sambaza. (Samaki huyo si wa asili ya Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo hakuna anayemwita mgeni.) Wanatoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na usiku taa zao zinasambaa juu ya maji kama mji wa pili. Mwezi ukiwa mpevu wengi hawatoki, kwa sababu samaki hawafuati taa kukiwa na mwangaza. Anayezitaka taa hizo lazima ajue kalenda ya mvuvi. Kinachoitwa bahati katika picha mara nyingi ni kurudi pale pale mara ishirini.

Tatizo ni kile ambacho picha hizo haziweki ndani. Angalia zinazopita kila siku kwenye WhatsApp na Facebook: ziwa, mawingu mekundu, rasi za Bukavu zimetulia juu ya maji. Nzuri sana. Lakini kamera imeinuliwa kidogo ili mteremko wa chini usionekane, pamoja na nyumba zilizopandiana, mtaro uliojaa takataka na udongo mwekundu uliopasuka. Mpiga picha anaona hayo yanaharibu kazi yake. Hapo anakosea, kwa sababu kati ya vyote vilivyo mbele yake kesho jua litatokea tena, lakini mteremko huo huenda usiwepo.

Wakaaji wa Kivu Kusini hawahitaji kuelezwa hilo kwa maneno mengi. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika eneo la Kalehe, na huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Vijiji hivyo viko kando ya ziwa lile lile linalopigwa picha kila asubuhi. Picha yoyote ya kawaida ya mahali hapo kabla ya siku hiyo, hata ile iliyopigwa mchana bila nuru nzuri, leo ni kitu adimu. Inaonyesha mto ulipita wapi na nyumba ya nani ilisimama wapi.

Bukavu nayo inateleza. Mteremko wa Funu huko Kadutu umechunguzwa na wataalamu kwa miaka, na kila msimu wa mvua kuna mtaa unaolia. Wataalamu wa jiolojia wanahitaji kulinganisha, yaani kilima kimoja, kutoka mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. Kwa kazi hiyo picha za setilaiti hazitoshi peke yake. Zinaona paa, haziwezi kuona ukuta uliopasuka chini yake. Mpiga picha wa Kasha anayerudi pale pale kufuata jua tayari anafanya nusu ya kazi hiyo bila kujua. Nusu iliyobaki ni ndogo: ashushe kamera kidogo, aandike tarehe na jina la mahali, ahifadhi nakala mbili. Tabia yetu ya kufuta picha ili simu ipate nafasi imekula kumbukumbu nyingi kuliko moto.

Zamani, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, wageni walituma kwao kadi za posta zenye mandhari ya ziwa letu. Anayetaka kujua vilima vilikuwaje wakati ule analazimika kutafuta katika masanduku ya watu wa Ulaya. Ni aibu ikiwa mjukuu wa leo naye atatafuta huko huko.

Kuna pingamizi mbili za kweli. Ya kwanza ni pesa. Harusi inalipa, ubatizo unalipa, sherehe ya diploma inalipa, kilima hakilipi. Vyuo vya mji huu na kituo cha utafiti cha Lwiro vingeweza kuzinunua picha hizo hata kwa bei ndogo, badala ya kungoja mradi wa mzungu.

Ya pili ni woga, na huo ni mzito zaidi. Mtu mwenye kamera kubwa anatazamwa vibaya hapa, na karibu na mpaka, daraja au kambi anaweza kulala ndani. Mkaaji wa mteremko naye ana sababu yake: picha ya nyumba yake inaweza kufika ofisini kabla yake, na kurudi kama amri ya kubomoa. Kwa hiyo mpiga picha abishe hodi kwanza, aeleze, na amwachie mwenye nyumba nakala. Familia yenye picha ya kiwanja chake ya miaka mitano mfululizo ina kitu cha kuweka mezani siku ya mabishano, iwe na jirani, iwe na serikali.

Mvua za mwezi wa tisa zikianza, Kahuzi utaonekana tena kutoka Kasha. Simu ya kawaida inatosha kwa kilima cha chini yake.