Mimea ya tangi lako isiishie mtoni

Video za matangi ya samaki yenye mimea myekundu, ya waridi na ya rangi ya machungwa zimejaa TikTok na YouTube. Kijana anayeishi bedsita Ruiru au Thika akizicheki, anatamani naye awe na bustani kama hiyo chini ya maji. Si tamaa mbaya. Ni hobi inayofunza subira, na ukiiva unaweza kuuza miche.

Lakini mimea hiyo ina maringo. Rotala macrandra, Alternanthera reineckii na aina kadhaa za Ludwigia na Ammannia hukua kwa mashina marefu, na rangi zake hutegemea mwanga mkali, kaboni dayoksaidi na virutubisho kwa pamoja. Ukinunua taa kali halafu ukasahau hayo mengine, mmea hauwezi kuutumia mwanga wote huo. Anayefaidi ni mwani, na baada ya wiki chache kioo chote ni kijani.

Mtungi wa gesi ni ghali, kwa hivyo wengi huanza na chupa ya soda yenye maji, sukari na hamira. Mbinu hiyo inafanya kazi, ila haina swichi. Stima ikipotea usiku, mimea inaacha kutoa oksijeni, nayo chupa inaendelea kupuliza gesi. Ukiona samaki wanahema juu ya maji, chomoa mrija mara moja na uyakoroge maji yapate hewa.

Tuseme umeshinda hayo yote na tangi limeiva. Hapo ndipo kuna jambo ambalo video nyingi haziligusi. Mimea ya mashina ikifurahi hukua haraka, na huenda ukaipogoa kila wiki. Kila kipande unachokata ni mche: kichomeke kwenye changarawe na baada ya siku chache kitaota mizizi. Sasa vile vinavyobaki unavitupa wapi? Kwenye sinki? Kwenye mtaro ulio nje ya ploti?

Mitaro yetu huishia mitoni. Mto Chania unakutana na Mto Thika hapo mjini Thika, na maji yake yanaelekea Tana kupitia bwawa la Masinga. Mto Ruiru nao unaingia katika mkondo wa Athi, ambao hufika Bahari Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kipande ulichokimwaga Jumamosi kinaweza kusafiri mbali kuliko wewe.

Kuna wanaosema mimea hii inadeka sana, haiwezi kuishi mtoni. Hiyo ni nusu ya ukweli. Baadhi yake hudeka kuhusu rangi tu: ikikosa mwanga mkali inageuka kijani, lakini inaendelea kukua. Tena hapa kwetu hakuna majira ya barafu ya kuiua.

Waulize wavuvi wa Kisumu. Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri. Leo linafunga njia za mashua Ziwa Victoria. Hata Ludwigia ina rekodi yake: aina mbili zilizopelekwa Ufaransa kama mapambo zilivamia mito na mabwawa, na tangu 2016 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuziuza. Si kila mmea wa tangi utakuwa balaa kama hilo. Shida ni kwamba ukishajua ni upi, umeshachelewa.

Msimamo wetu ni rahisi. Vipande vilivyobaki vianike juani hadi vikauke kabisa, ndipo uvitupe kwenye taka au uvichanganye na mbolea ya maua. Maji ya kubadilisha tangi yachuje, kisha mwagilia sukuma wiki. Yana rutuba, usiyapoteze. Vipande vizuri wape wenzako wenye matangi.

Wauzaji nao wasikwepe. Anayemuuzia kijana mmea amwambie jina lake, na amwonye asiutupe mtoni. Na kama kuna jamaa yako ng'ambo anayetaka kukutumia miche kwa bahasha, mwambie angoje. Kuingiza mimea nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, na sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wakulima wakubwa wa maua peke yao.

Tangi ni lako na rangi zake ni zako kuringia. Mto ni wa kila mtu, hadi kwa mama anayechota maji huko chini ambaye hajawahi kusikia jina Rotala. Kabla ya kushika mkasi wikendi hii, tafuta kwanza pa kuanikia.