Datsun Ilishinda, Porsche Ikasifiwa

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimesikiliza ubishi wa kila aina, mabwenini na katika vyumba vya walimu. Ubishi ninaotaka kuuingia leo ni ule ambao watu wengi wanadhani umekwisha kabla ya kuanza. Mwulize kijana yeyote, kati ya Porsche na Datsun, gari la mbio lenye heshima ni lipi. Atakujibu Porsche, tena atakutazama kwa huruma, kama vile umemwuliza iwapo simba anamzidi paka. Hapa kwetu Kikatiti, Porsche ya tajiri fulani ikipita katika barabara kuu ya Moshi na Arusha, vijana huacha shughuli zao na kuikodolea macho mpaka ipotee kuelekea Maji ya Chai. Datsun wanaijua kwa jina tu, nalo ni jina la kuchekea.

Mimi nasema kijana huyo hajui historia ya barabara zake mwenyewe. Kati ya Porsche 911 na Datsun 240Z nasimama na Datsun, na nitatoa sababu zangu moja baada ya nyingine ili atakaye kupinga apinge hoja, asipinge umri wangu.

Kwanza tuelewane juu ya magari yenyewe. Porsche 911 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963. Ilikusudiwa kuitwa 901, lakini kampuni ya Peugeot ikapinga kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati. Injini yake ya silinda sita imewekwa nyuma kabisa, na enzi hizo ilipozwa kwa hewa. Datsun 240Z ilitoka Japani mwaka 1969. Nayo ina silinda sita, lakini injini iko mbele na hupozwa kwa maji. Nchini Marekani mwaka 1970 iliuzwa kwa dola 3,500 hivi, wakati Porsche 911 ya bei nafuu ilipita dola 6,000. Yote mawili ni magari ya anasa. Sijapata kumiliki hata moja, na mkulima wa ndizi wa Meru hakununua lolote kati ya hayo. Kwa hiyo sizungumzi kama mwenye mali anayetetea mali yake.

Sasa tutafute mahali pa kuyapimia. Wazungu huyapima magari ya mbio katika barabara laini za kuzunguka, kwa sekunde na sehemu za sekunde. Sisi tulikuwa na kipimo chetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakajulikana kama Safari ya Afrika Mashariki. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika, katika barabara zile zile zilizopitishia kahawa, pamba na wagonjwa. Umbali wake katika miaka ya mwanzo ya sabini ulipita kilomita 5,000. Gari lilitoka kwenye vumbi likaingia kwenye tope, likatoka kwenye tope likakuta mto umefurika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vile vile. Katika mtihani wa namna hiyo hakuna wa kupendelewa. Tope halisomi jina lililoandikwa mbele ya gari.

Matokeo ya mtihani huo ndiyo haya. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 kiwanda cha Porsche kikaleta timu yake. Datsun ikaleta 240Z. Herrmann na Schüller wakashinda tena kwa 240Z, na aliyeshika nafasi ya pili, Shekhar Mehta, naye alikuwa ndani ya 240Z. Porsche iliyofanya vizuri kuliko zenzake ilikuwa ya Sobiesław Zasada kutoka Poland, nayo ilishika nafasi ya tano. Msomaji azingatie kwamba Herrmann alikuwa Mjerumani aliyeishi Kenya. Mjerumani aliyezijua barabara zetu alichagua gari la Kijapani, akalishinda gari la Kijerumani.

Sitaficha yale yasiyonifaa. Mwaka 1972 Zasada alishika nafasi ya pili, nyuma ya Hannu Mikkola wa Ford Escort, na akazitangulia Datsun zote. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alikuwa akiongoza kwa Porsche mpaka sehemu ya kushikilia gurudumu la nyuma ikamvunjikia, akamaliza wa pili nyuma ya Joginder Singh aliyeendesha Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 Porsche ikarudi na magari mawili yaliyoinuliwa juu na kuimarishwa. Vic Preston mdogo akapata tena nafasi ya pili, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Nafasi ya pili mara tatu si jambo la kubeza. Lakini mwalimu anapojaza cheti haandiki kwamba mwanafunzi alikuwa akiongoza darasa mpaka swali la mwisho.

Datsun, kwa upande wake, ilishinda tena mwaka 1973 kwa 240Z ya Mehta na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa alama za adhabu, ikabidi kanuni ya kuamua itumike ndipo Mehta akatangazwa bingwa. Na Källström alikuwa akiendesha nini? Datsun. Kisha Mehta huyo huyo akashinda miaka minne mfululizo, 1979, 1980, 1981 na 1982, kwa Datsun za kawaida za milango minne kwa umbo lake. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Katika miaka yote hiyo ambayo Datsun ilikuwa ikikusanya vikombe, Porsche haikuwahi kuwa ya kwanza hata mara moja.

Sababu yangu ya pili iko chini ya boneti. Injini ya 240Z haikutoka mbinguni. Ile injini ya silinda nne ya Datsun 1600, ile iliyoshinda mwaka 1970, ina kipenyo cha silinda cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7. Injini ya 240Z ina vipimo hivyo hivyo, imeongezewa silinda mbili tu. Injini za ukoo huo zilitiwa pia katika magari madogo ya mizigo. Maana yake ni kwamba fundi aliyekwisha kufungua injini ya Datsun ya kawaida chini ya mwembe hakuwa mgeni mbele ya Z. Gari la mbio lilikuwa kaka wa pikapu iliyoshusha mikungu ya ndizi sokoni. Porsche ilihitaji fundi wake, vifaa vyake na spea zake, na vyote vilitoka mbali. Chombo ambacho aliyekuuzia ndiye peke yake awezaye kukitengeneza hukimiliki sawasawa; umekodishwa.

Hapa wapenzi wa Porsche huinua mikono. Husema: mbona Porsche imeshinda Le Mans mara 19? Kweli imeshinda. Husema: mbona ilishinda Paris hadi Dakar mwaka 1984 na mwaka 1986? Kweli pia, tena huko kulikuwa na mchanga na mawe ya Afrika. Husema: mbona mwaka 2011 Waldegård, akiwa mzee, alishinda kwa Porsche 911 yale mashindano ya kumbukumbu yanayotumia magari ya zamani katika barabara za Afrika Mashariki? Nakubali yote. Sijasema Porsche ni gari bovu. Nasema ilipoitwa kwenye mtihani wetu, wakati mtihani wenyewe ulipokuwa mtihani kwelikweli, iliyofaulu ni Datsun. Kushinda miaka arobaini baadaye kwenye sherehe ya kukumbuka ni jambo jema, lakini halifuti matokeo ya kwanza.

Wengine husema: Datsun imekufa, na Porsche ingali hai. Ni kweli Nissan, kampuni mama, iliacha kulitumia jina la Datsun katika miaka ya themanini, ikalifufua mwaka 2013 na kuliacha tena mwaka 2022. Lakini tangu lini thamani ya kazi ikapimwa kwa kudumu kwa bango? Walimu walionifundisha kusoma wamekwisha kufa, na herufi walizonifundisha ndizo ninazoandikia maneno haya.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa Porsche hawalitaji, nami ningekuwa wao ningelitaja kwanza. Ferdinand Porsche ndiye aliyesanifu Volkswagen, lile gari dogo la mgongo wa kobe. Gari hilo liliishinda Safari mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Kwa hiyo akili ya mzee Porsche ilishinda katika barabara zetu, tena zaidi ya mara moja. Ilishinda ilipokuwa ndani ya gari la watu wa kawaida, jepesi, gumu, rahisi kutengeneza. Ukoo wake ulipotuletea gari la anasa, barabara ikalikatalia nafasi ya kwanza. Ushahidi huu hauitetei Porsche hata kidogo. Unanitetea mimi.

Na tazama biashara inavyokwenda. Mwaka 2022 kampuni ya Porsche ilitangaza gari liitwalo 911 Dakar, magari 2,500 tu, bei yake zaidi ya dola 200,000. Mnunuzi aliweza kuongeza fedha akapakwa gari lake rangi zinazokumbusha Porsche zilizoshiriki Safari ya mwaka 1971, ya 1974 na ya 1978. Yaani nafasi ya tano, nafasi ya pili na nafasi ya pili! Mashindano ambayo hawakushinda wamejua kuyauza. Sisi tulio na washindi wenyewe hatuna hata picha ukutani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi naona chema kimekaa kimya kando ya barabara, na anayejitembeza ndiye anayenunuliwa.

Huenda msomaji akaniuliza kwa nini mzee wa miaka sabini na kitu, anayeishi katikati ya migomba na mahindi, ajisumbue na magari ambayo yeye na jirani zake hawatayanunua. Nimejisumbua kwa sababu suala lenyewe ni kubwa kuliko magari. Ni suala la nani anayetupa kipimo. Kijana anayeamini kwamba Porsche ni bora kwa sababu dunia imesema hivyo, ndiye baadaye anayekuwa mwalimu na kukopa fedha anunue gari ambalo spea zake zinaagizwa nje, likakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba huku mshahara ukikatwa kila mwezi. Ndiye mzazi anayechagua shule kwa jina la kigeni lililo langoni bila kuuliza watoto wanafundishwa nini ndani. Ndiye mjumbe wa kamati anayeidhinisha mashine ya kijiji kwa kutazama rangi, na asiulize ikiharibika itatengenezwa na nani. Kasumba ni ile ile. Leo imevaa matairi, kesho itavaa kitu kingine.

Kipimo chetu kilikuwepo, tena chenye watu wenye majina. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, alishinda Safari mwaka 1966 na mwaka 1967 akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alianza kama fundi wa gereji. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia yenye mali. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza watu wa asili ya Asia, naye akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, mtu huyo aliyenyimwa nchi yake aliwashinda mabingwa wa Ulaya ndani ya Datsun 240Z. Alifariki mwaka 2006. Ni vijana wangapi wa Arusha wanaojua jina lake? Waulize jina la mwanzilishi wa Porsche, hilo watakutajia.

Nilipokuwa nikifundisha, niliwaambia walimu wanafunzi kwamba kusahihisha mtihani kwa kutazama jina la mtoto na cheo cha baba yake ni wizi, hata kama kalamu haijaiba kitu. Neno hilo nalirudia leo kwa watu wazima. Karatasi za Safari zilikwisha kusahihishwa, na waliozisahihisha ni mito, mawe na masika ya Afrika Mashariki. Datsun ya kwanza, Porsche ya pili. Anayetaka kuzigeuza alama hizo kwa kuwa mmoja wa watahiniwa anatoka nyumba ya kifahari, na aje na hoja nyingine. Mimi kalamu yangu nyekundu sitaigusa.